Kidude Kinacholinda Tofauti

Ukifungua boneti ya Subaru Impreza WRX, macho hukimbilia tabo. Ndiyo inayopiga mluzi, ndiyo inayosifiwa. Lakini kwenye bomba linalogawia injekta petroli kuna kikopo cha chuma kinachoenea kiganjani, chenye mrija mwembamba wa mpira kichwani. Hiyo ndiyo regyuleta ya presha ya mafuta. Yenyewe haina hata waya mmoja.

Ili uione thamani yake, anza na injekta. Kompyuta ya injini haipimi petroli inayotoka. Inapanga tu injekta ifunguke kwa milisekunde ngapi. Ni sawa na kujaza ndoo kwa kuhesabu sekunde: hesabu haikosei mradi bomba litoe maji kwa nguvu ileile. Tatizo ni kwamba ncha ya injekta imeelekea ndani ya manifoldi, yaani njia ya hewa kuingia kwenye injini, na humo hamtulii. Mguu ukiwa nje ya akseleta, pistoni zinavuta hewa, na petroli inanyonywa pamoja nayo. Tabo ikishika, hewa inaisukuma petroli irudi ilikotoka. Presha ya petroli ikiwa baa 3 na tabo ikaleta baa 1, zinabaki baa 2 za kuitoa. Petroli inapungua kwa takriban asilimia 18, saa ileile injini inapoililia. Joto linapanda, mchanganyiko unalipuka kabla ya wakati, pistoni inaweza kutoboka.

Ndani ya regyuleta kuna diaframu. Upande mmoja petroli, upande wa pili springi. Petroli ikiishinda springi, vali inafunguka na ziada inarudi kwenye tanki. Ufundi wenyewe umo katika ule mrija: unaleta hali ya manifoldi upande wa springi. Tabo ikitoa baa 1, springi inapata msaada wa baa 1, njia ya kurudi inabanwa, na petroli inapanda hadi baa 4. Manifoldi ikivuta kwa baa 0.6, petroli inashuka hadi 2.4. Kote kuwili, tofauti ni 3.

Presha yenyewe inatoka kwenye pampu. Regyuleta inaamua tu kiasi cha kurudi. Pampu ikichoka, hakuna regyuleta itakayoiokoa.

Kuiseti regyuleta ya aina yenye skrubu ya kurekebishia kunataka utulivu. Fundi huchomoa mrija na kuuziba, huacha injini ingurume, hugeuza skrubu hadi geji isome baa 3, kisha hukaza nati. Akiurudisha mrija, mshale lazima ushuke. Huunusa pia: ukinuka petroli, diaframu imepasuka. Mwisho huibebesha injini mzigo na kutazama geji ikipanda sawasawa na tabo, baa kwa baa. Anayeridhika kuona 3 isiyobadilika wakati wote ameandaa gari la kusifiwa gereji na kuungua mlimani.