"Uhuru wa Watumwa" na Wanawake wa Frere Town

Msomaji, ukivuka kutoka kisiwa cha Mombasa kwa daraja la Nyali, ukashika njia ya Kisauni, hukawii kufika mahali paitwapo Kengeleni. Jina hilo si la bure. Mnara wa kengele ungali umesimama kando ya njia, na matatu hupita hapo mchana kutwa bila ya abiria kuinua macho. Hapo palikuwa mji wa watu waliotolewa utumwani, mji ulioitwa Frere Town, na habari zake ziliandikwa kwa Kiswahili na mwana wa mji huo huo, James Mbotela, katika kitabu chake "Uhuru wa Watumwa" kilichotolewa mwaka 1934. Nataka tukitazame kitabu hicho pamoja, nami nitakupa swali moja la kwenda nalo tangu ukurasa wa kwanza: mwanamke aliyeshushwa pwani hii kutoka katika jahazi la watumwa, akabatizwa, akaitwa Mkristo, alikuwa nani, na maisha yake yalikuwa kwa ajili ya nini?

Kwanza yafaa tujue mji ulivyoanza. Mwaka 1873 Sir Bartle Frere alitumwa na serikali ya Uingereza kwenda Unguja kumshawishi Sultani Barghash aikomeshe biashara ya watumwa. Sultani alikataa, na Frere aliondoka mikono mitupu. Mkataba ulitiwa sahihi mwezi wa Juni mwaka huo kwa vitisho vya manowari. Tangu hapo majahazi mengi yalikamatwa baharini, walakini mtu aliyetolewa katika jahazi hakuwa na pa kwenda. Kwao kulikuwa mbali, na njiani aliweza kukamatwa tena. Ndipo wamisionari wa Kanisa la Kiingereza, wa chama cha CMS, walipopata ardhi Kisauni, na mwaka 1875 Mchungaji W. S. Price akawa anawapokea watu hao. Alisaidiwa na Waafrika waliokuwa wamelelewa katika misheni huko Uhindini karibu na Nasik, kama William Jones na Ishmael Semler, ambao watu wa pwani waliwaita Wabombay. Wale walioshushwa na manowari waliitwa mateka. Liangalie neno hilo, msomaji. Mtu amekwisha kuwa huru, amekwisha kupewa jina la ubatizo, na bado jirani zake wamwita mateka.

Mbotela alizaliwa na watu hao. Baba yake alikuwa Myao aliyepita njia yote hiyo, toka bara hata pwani, toka pwani hata jahazini, na toka jahazini hata Kisauni, na mwana ameandika aliyoyasikia kwa wazee. Wako wataalamu wanaokihesabu kitabu hiki kuwa miongoni mwa riwaya za kwanza za Kiswahili. Wengine wanakiita historia. Mimi nakiita ushahidi wa mwana juu ya baba yake. Kiswahili chake ni chepesi, hakina madoido, nacho chasomeka kwa urahisi mpaka leo.

Kosa lake kubwa limekwisha kusemwa na wengi. Mwarabu kitabuni ni mwovu na Mwingereza ni mkombozi, na baina ya hao wawili Mwafrika huketi akingoja kuteswa au kuokolewa. Msomaji wa leo ajua kwamba Waingereza wenyewe walikuwa wafanya biashara wakubwa wa watumwa katika bahari ya Atlantiki hata mwaka 1807, na kwamba ndani ya Frere Town malalamiko juu ya viboko yalizidi hata yakachunguzwa mwanzoni mwa miaka ya 1880. Sitakaa hapo. Kijana yeyote wa kidato cha tatu aliyesoma historia yake aweza kuliona kosa hilo bila ya kuonyeshwa.

Lililo gumu kuonekana ni lingine, nalo limefichwa na lugha yetu wenyewe. Katika Kiswahili neno "mtumwa" halina mume wala mke. "Mateka" vivyo hivyo, na "Mkristo" vivyo hivyo. Lugha zilizo na maneno mawili humlazimisha mwandishi kuchagua, na akichagua tunamwona amemchagua nani. Kiswahili hakimlazimishi. Kwa hiyo Mbotela aandikapo "watumwa", sisi tunadhani tumeona umati mzima, kumbe aghalabu tumemwona baba yake na rafiki za baba yake. Ukitaka kulijaribu neno hili, soma kurasa chache za safari ya kwenda pwani, na kila palipo "mtumwa" weka "mwanamke aliyebeba mtoto mgongoni". Sentensi hazivunjiki hata moja, walakini maana yabadilika, maana mara utajiuliza mambo ambayo kitabu hakina haja ya kuyajibu: mtoto alilia usiku? Nani alimbeba mama alipochoka?

Usidhani swali hili ni la mapambo. Sheria nayo ilijificha nyuma ya neno hilo hilo. Mwaka 1897 huko Unguja ilitoka amri ya kuondoa hali ya utumwa, na mtumwa aliweza kwenda kudai uhuru wake. Lakini masuria waliachwa nje ya amri hiyo. Wao walihesabiwa kama wake wa mabwana zao, na hawakupata haki sawa na wengine hata mwaka 1909. Kwa miaka 12, basi, watumwa walikuwa huru na wanawake wale hawakuwa huru, na kila atakayeandika kwamba watumwa wa Unguja walipata uhuru mwaka 1897 atakuwa amesema kweli kwa nusu ya umati.

Turudi Kisauni. Mwanamke aliyefika Frere Town alipewa vitu, na tusivibeze, kwa sababu alikuwa amenyang'anywa kila kitu. Alipewa usalama. Alipewa mafundisho, na wasichana wakafundishwa kusoma na kushona. Watu wazima walioana wakapewa mahali pa kujenga na pa kulima. Alipewa jina jipya ubatizoni. Hapa ndipo mhakiki apaswapo kusimama kidogo. Jina la ubatizo kwa imani ya Kikristo ni ishara kwamba mtu ameitwa na Mungu mwenyewe. Lakini kwa mtu aliyetoka utumwani, ambaye pengine hata bwana wake alimpa jina alilolipenda yeye bwana, ni jina la pili au la tatu kuwekewa na mwenye nguvu. Je, aliweza kuzitofautisha sauti hizo mbili? Nadhani wengi waliweza, maana imani yao ilidumu baada ya wamisionari kuondoka. Lakini kitabu hakitupi nafasi ya kumsikia hata mmoja akieleza alivyoweza.

Kuna hadithi katika kitabu cha Mwanzo ambayo bila shaka ilisomwa mara nyingi katika kanisa la Frere Town. Hajiri, mjakazi wa Sarai, amekimbia mateso, naye yuko jangwani karibu na chemchemi. Malaika amwuliza maswali mawili: ametoka wapi, na anakwenda wapi. Ukisoma kwa makini utaona Hajiri alijibu la kwanza tu. La pili hakuwa na jibu lake. Malaika amwambia maneno magumu ya kurudi kwa bimkubwa wake, nami sitajifanya kwamba maneno hayo ni mepesi kwa mtu anayeyasoma akiwa Kisauni. Lakini baadaye Hajiri afanya jambo ambalo mtumwa hatarajiwi kulifanya: yeye ndiye ampaye Mungu jina, akimwita kwa jinsi alivyomwona yeye mwenyewe. Mjakazi aliyeitwa na kila mtu sasa aita. (Mmoja wa wale Wabombay, Semler, alibatizwa jina la mwana wa Hajiri, sijui kama aliyelichagua aliwaza hivyo.)

Maswali hayo mawili ya jangwani ndiyo kipimo changu. "Uhuru wa Watumwa" chajibu vizuri sana swali la kwanza: watu hawa walitoka wapi. La pili kimewaachia wamisionari walijibu.

Sasa tukitafuta mwanamke wa namna hiyo aliyesikiwa, tutampata ng'ambo kidogo, Unguja, naye ni Swema. Alikuwa msichana wa Kiyao kama baba yake Mbotela. Habari zake zilichukuliwa na mapadre wa Kikatoliki na kuchapishwa kwa Kifaransa mwaka 1870, na mwanahistoria Edward Alpers alizitoa tena kwa wasomaji wa siku hizi katika mwaka 1983. Swema alichukuliwa kwa ajili ya deni la mama yake. Mama hakukubali kuachana naye. Alijitia mwenyewe utumwani ili aufuate msafara wa mwanawe, naye akafa njiani kwa udhaifu. Msichana alifika Unguja mahututi, akadhaniwa amekufa, akazikwa, na mtu aliyesikia kilio chake akamfukua na kumpeleka misheni. Huko ndiko alikokuja kuombwa amwuguze mmoja wa wale waliomtesa, na baada ya kushindana na moyo wake alimsamehe.

Utasema, haya basi, huyu amesema. Mimi nasema: soma taratibu. Padre aliyeandika alihitaji hadithi ya kuwagusa Wakristo wa Ufaransa, na msamaha ulikuwa ndio kilele alichokitaka. Sisemi Swema hakusamehe. Nasema kwamba katika hadithi yake ziko sehemu mbili zenye uzito usio sawa. Msamaha umepambwa, umetengenezwa, wafaa kusomwa kanisani. Habari ya mama ni fupi, haina mapambo, na hakuna padre ambaye angeweza kuibuni. Mwanamke asiye na chochote alichagua, na hakuna aliyemwamuru. Kama ningeulizwa ni wapi katika maandiko yote ya zama zile mwanamke ajulikana kwa tendo lake mwenyewe, ningeonyesha hapo, ingawa mama huyo hakuwa Mkristo na hakupata kuijua misheni.

Wala usidhani kunyamazishwa kulikuwa kwa mateka peke yao. Upande huu huu wa bara, karibu na bahari, liko kaburi la Rosine Krapf, mke wa mmisionari Ludwig Krapf, aliyefariki mwezi wa Julai 1844 pamoja na mtoto wake mchanga, miezi michache tu baada ya kufika Mombasa. Mume wake aliliandikia chama chao kwamba kaburi hilo ni dalili ya kazi kuanza katika Afrika ya Mashariki, na maneno hayo yamerudiwa na waandishi wengi. Jiwe lina jina lake. Kazi iliyosemwa ni ya mumewe.

Wanafunzi wangu wa ualimu huniuliza kama ni haki kumdai mwandishi wa mwaka 1934 mambo ya leo. Swali zuri. Mtu hadaiwi asichokuwa nacho. Lakini Mbotela alikuwa nacho. Wanawake wazee waliofika kwa manowari walikuwa hai alipokuwa kijana, nyumba kwa nyumba. Kuwauliza kungewezekana, kama ilivyowezekana baadaye mjini Mombasa. Mwaka 1989 Sarah Mirza na Margaret Strobel walitoa habari za maisha ya wanawake watatu Waislamu wa mji huo, zilizosimuliwa na wenyewe kwa Kiswahili, na chapa ya Kiswahili, "Wanawake Watatu wa Kiswahili", ikafuata mwaka 1991. Mmoja wao ni wa ukoo wa watumwa. Asimulia ngoma, arusi, kazi na majirani, na mtu akisoma hana haja ya kuambiwa mama huyu ni nani. Wakristo wa Kisauni na Rabai hawakupata kitabu cha namna hiyo kwa wakati, na waliokuwa na la kusema wamekwisha kufa.

Kanisa lenyewe lilichukua muda kuliuliza swali la pili la malaika kwa wanawake wake. Mwaka 1885, miaka kumi tu baada ya mji kuanza, Askofu James Hannington aliwapa ushemasi Jones na Semler. Mwanamke wa kwanza kufanywa kasisi katika Kanisa la Anglikana nchini Kenya, Lucia Okuthe, alipata daraja hilo mwaka 1983, huko Maseno, yaani miaka 98 baadaye. Emily Onyango aliwekwa wakfu kuwa askofu mwaka 2021. Sitaki msomaji adhani kwamba kazi ya mwanamke Mkristo yaanzia madhabahuni. Nataja tarehe hizo ili uone jinsi lilivyochelewa kanisa kusikia ambacho huenda wanawake walikuwa wamekwisha kukijua.

Maana ziko kazi ambazo hazikungoja daraja. Watu wa Frere Town walikuwa Wayao, Wamakua, Wanyasa na wengine wengi, kila mtu na lugha yake. Watoto wao walikua wakisema Kiswahili. Jambo hilo halikufanywa na sheria wala na shule peke yake, kwa kuwa mtoto hufika shuleni akiwa amekwisha kusema. Sidhani nakosea nikisema kwamba lilifanywa jikoni na kisimani, na wanawake ambao Kiswahili hakikuwa chao, waliokijifunza ukubwani kwa shida, wakakitumia kubembelezea, kukaripia na kuombea, mpaka kikawa cha watoto wao bila ya mtoto kujua kwamba kilipata kuwa kigeni. Nilikisifu Kiswahili cha Mbotela kwa wepesi wake. Ukirudi kukisoma kitabu chake, acha visa kwa muda, usikilize jinsi sentensi zinavyokwenda, fupi, za mtu anayemweleza mtoto jambo la kutisha bila ya kumtisha. Baba alimpa habari. Sauti hiyo aliipata mahali pengine.