Kiendeshi, Adapta na Pasiwaya: Istilahi Mbele ya Fundi

Tangu mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulipotoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, hapana tena awezaye kudai kwamba Kiswahili hakiwezi kuisema kompyuta. Lakini menyu husomwa chombo kikiwa kizima. Istilahi hupimwa hasa chombo kinapoharibika, mtu anapolazimika kumweleza mwenziwe aliye mbali ni kitu gani kilichoharibika. Kwa kipimo hicho, istilahi zetu za mawasiliano ya kompyuta zina kasoro kubwa.

Tuchukue mfano wa kubuni, ingawa si mgeni kwa wakazi wa visiwani. Mwalimu wa Nansio, Ukerewe, ana kompyuta kuukuu inayotumia Linux. Imechomekwa adapta ndogo ya USB, nayo hushika mtandao na kuuachia. Mwalimu anamwandikia fundi aliye Mwanza mjini: “Mtandao unakatika, nadhani kiendeshi kimekufa.” Fundi anavuka ziwa na diski mpya mkobani. Hakukosea kusoma, wala mwalimu hakukosea kuandika. Baadhi ya wafasiri huandika kiendeshi kwa kifaa kinachosoma diski, wengine kwa programu inayoiwezesha kompyuta kukitumia kifaa fulani. Tukiongeza mfumo endeshi, pamoja na mwendeshaji aliyeketi mbele yake, mzizi mmoja umebebeshwa mizigo minne.

Mafundi wa mjini wamekwisha kujitua mzigo huo: wao husema draiva. Wako watakaochukizwa, kwa hoja kwamba neno hilo la Kiingereza tulikwisha kulikopa, nasi tukapata dereva. Hoja hiyo haina nguvu. Karata tuliipata kwa Wareno na kadi kwa Waingereza, nayo ni maneno ya asili moja. Hata hivyo hakuna anayecheza kadi arusini wala anayealikwa kwa karata. Dereva hulala, draiva haijapakiwa: ngeli zenyewe zinatenganisha. Tungependelea draiva kwa programu, na kiendeshi kibaki kwenye diski.

Adapta nayo yahitaji mkia. Anayeitaja peke yake dukani huenda akapewa chombo cha kuchajia kompyuta. Budi iitwe adapta ya mtandao. Waliopendekeza kiunganishi wamesahau kwamba neno hilo lina kazi yake katika kila kitabu cha sarufi. Na pasiwaya, japo imezoeleka kwa wafasiri, haisikiki vizuri masikioni: msikilizaji asiyeizoea aweza kudhani ni pasi ya waya, ile ya kunyooshea nguo. Wazee wetu walisema simu ya upepo. Mwanasayansi atasema mawimbi hayo hayahitaji upepo, na ni kweli, lakini jina lile halikumpoteza mtu yeyote njia.

Hata hivyo neno linalodhuru kuliko yote ni mtandao. “Mtandao hakuna” husemwa kwa maradhi yasiyohusiana kabisa. Amri ya lsusb isipoionyesha adapta, tatizo li katika tundu, katika umeme, au katika adapta yenyewe. Ikionekana, lakini kompyuta haina njia ya kuitumia, yatazamwe maelezo ya dmesg: ama draiva haipo, ama imekosekana ile programu ya ndani ambayo adapta nyingi hupakiwa kila zinapowashwa. Wafasiri wengi huichanganya hii na draiva, na hapo ndipo fundi hupotea. Debian, kwa mfano, kabla ya toleo lake la 12 la Juni 2023, haikuzitia katika diski zake rasmi za kusakinisha zile programu za ndani zisizo huria. Kompyuta kuukuu yenye toleo la zamani yaweza basi kuwa na draiva nzuri isiyo na kitu cha kuipa adapta. Tena kasha lenye jina lile lile laweza kuficha kipande tofauti ndani. Namba zinazotolewa na lsusb ndizo za kuaminiwa.

Adapta inayofanya kazi kisha ikazimika baada ya kitambo ina ugonjwa mwingine. Huenda kompyuta inaipunguzia umeme ili kubana matumizi, na hilo hurekebishwa kwa amri. Au huenda mawimbi ni dhaifu: miamba ya Mwanza hupendeza machoni, lakini haipitishi mawimbi kwa urahisi; na katika gigahezi 2.4 ni njia 3 tu, ya 1, ya 6 na ya 11, ambazo kwa kawaida hutumiwa pamoja bila kuingiliana.

Orodha za Tafsiri Sanifu zilizotolewa na Baraza miaka ya 1970 ziliweka neno mbele ya neno, na kwa wakati ule zilifaa. Kwa istilahi za namna hii twaomba kila neno lichapishwe ndani ya sentensi ya fundi. Yule mwalimu angeandika: “Adapta ya mtandao inaonekana, draiva imepakiwa, programu ya ndani haikupatikana.” Fundi asingepanda meli, angetia faili moja katika flashi na kumpa abiria wa Nansio.