Folda Iliyopangwa Ikapangika

Fundi wa tovuti unaweza kumjua kabla hujaiona tovuti yake. Mwombe tu akufungulie folda ya kazi. Utakuta majina machache, yote kwa herufi ndogo. Kurasa zina mahali pake, picha zina mahali pake, mitindo ina mahali pake. Hutakuta faili linaloitwa "mpya", wala "mpya2", wala "mwisho-kabisa". Ukimwuliza nembo ya mteja iko wapi, hapapasi. Anabofya mara mbili, hii hapa.

Kazi hii ya kupanga folda haina shangwe. Mteja haioni, na wala hajui kwamba ameilipia. Masomo mengi ya kutengeneza tovuti huipa aya mbili tatu, kisha hukimbilia rangi na vitufe. Lakini ukiweka kazi ya mwanagenzi kando ya kazi ya fundi aliyekomaa, tofauti huanzia kwenye folda, na mambo mengine mengi yanayomkera mwanagenzi, picha zisizoonekana na viungo visivyofunguka, chanzo chake ni hapo hapo.

Katika kazi nyingine za kompyuta, vurugu ni siri yako. Barua ya kuomba kazi uliyoihifadhi katikati ya picha za harusi na nyimbo itamfikia mwajiri ikiwa safi, naye hatajua ilitoka wapi. Tovuti haifichi namna hiyo. Katika tovuti ya kawaida ya mwanagenzi, mpangilio wa folda ndio anwani yenyewe ambayo msomaji ataiona juu ya kivinjari chake.

Tazama ukurasa wa kwanza kabisa wa wavuti. Tim Berners-Lee, Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi CERN, kituo cha utafiti wa fizikia karibu na Geneva, aliandika pendekezo lake mwaka 1989, na kufikia mwisho wa mwaka 1990 wavuti ilikuwa ikifanya kazi kwenye kompyuta yake ya NeXT. Anwani ya ukurasa huo ni info.cern.ch/hypertext/WWW/TheProject.html. Isome taratibu kuanzia kushoto. Kwanza jina la seva. Halafu mkwaju, na folda iitwayo hypertext. Mkwaju tena, na ndani ya folda hiyo kuna nyingine, WWW. Mkwaju wa mwisho, kisha faili lenyewe. Mtu asiyewahi kukanyaga Geneva anaweza kukuchorea folda za Berners-Lee zilivyokaa. Mwaka 2013 CERN iliurudisha ukurasa ule hewani, na iliurudisha kwenye anwani ileile. Mpangilio wa folda wa mtu mmoja ulikuwa umeshakuwa sehemu ya historia.

Folda ndani ya folda hazikuanzia kwake. Mfumo wa Multics ulikuwa nazo tangu miaka ya 1960, na Unix, uliozaliwa katika maabara za Bell huko Marekani, ukaueneza mkwaju kama alama ya kuzitenganisha. Windows ilirithi mkwaju wa nyuma kutoka MS-DOS, ambayo ilipoanza kutumia folda mwaka 1983 ilikuwa tayari imeutumia mkwaju wa kawaida kwa shughuli nyingine katika amri zake. Ndiyo maana mwanagenzi anayenakili njia ya faili kutoka Windows na kuibandika kwenye ukurasa wake huishia na mikwaju iliyolala upande usiofaa. Fundi huigeuza yote bila kuambiwa.

Sasa tuseme kuna kijana mjini Tanga amepewa kazi yake ya kwanza: tovuti ya kikundi cha akina mama wanaouza vikapu vya ukili na mikoba ya ngozi ya ng'ombe. Hatua ya kwanza ya kifundi ni folda moja, aiite vikapu. Kila kitu cha tovuti kikae humo, na kisicho cha tovuti kisikae humo. Sheria ina sehemu mbili, na wengi huishika ya kwanza tu. Picha asilia zilizotoka kwenye kamera, kila moja na uzito wa megabaiti kadhaa, orodha ya bei iliyotumwa kama hati ya Word, rekodi ya sauti ya mwenyekiti akieleza anachotaka: hivyo vyote ni malighafi, na malighafi ina folda yake nje. Siku ya kupakia tovuti kwenye seva, kijana huyu atachukua folda ya vikapu yote kama ilivyo, bila kuchambua kipi kiende na kipi kibaki.

Ndani ya folda hiyo kuna faili moja ambalo jina lake si hiari: index.html. Msomaji akiandika anwani ya tovuti bila kutaja ukurasa, seva hulitafuta jina hilo, na ikilikosa, huenda ikamwonyesha orodha ya mafaili au ikamnyima kabisa. Majina mengine ni uamuzi wa fundi, na hakuna sheria inayosema lazima yawe ya Kiingereza. Folda za picha, mitindo na skripti zitafanya kazi sawasawa na majina ya vitabuni, na huyo kijana atazielewa hata baada ya miaka miwili.

Tumtazame sasa akiwa kwenye picha, maana hapo ndipo ufundi unapoonekana. Picha zimetumwa kwa WhatsApp. Kwenye simu zina majina kama IMG-20240309-WA0007.jpg, zikishushwa kwenye kompyuta huitwa kitu kama WhatsApp Image 2024-03-09 at 10.15.22.jpeg. Asiye na subira huzitupa zote kwenye folda na kuanza kuandika kurasa. Mwenye subira hufungua moja, huitazama, huifunga, huiandika upya: kikapu-ukili-mkubwa.jpg. Ya pili: kikapu-ukili-kifuniko.jpg. Ya tatu: mkoba-ngozi-kahawia.jpg. Inachukua muda, na haina njia ya mkato. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na picha mia mbili zisizo na majina ni mali ya aina hiyo. Baada ya saa moja kijana huyu anaweza kuandika ukurasa mzima wa bidhaa bila kufungua picha hata moja, kwa sababu jina linamwambia kilichomo.

Kila alama katika jina lile ina sababu yake. Maneno yameunganishwa kwa kistari kwa kuwa nafasi tupu hairuhusiwi katika anwani. Kivinjari huigeuza kuwa %20, na jina lililokuwa likisomeka vizuri hujaa alama hizo kiasi kwamba hakuna anayeweza kulisoma kwa simu kumwelekeza mwenzake. Kiswahili sanifu kinatosheka na herufi za kawaida za kibodi, kwa hiyo hatuna shida ya Mfaransa ambaye herufi zake zenye alama juu hugeuzwa hivyohivyo. Sisi tuna kikwazo kimoja tu: ile alama ya ng'. Lugha za programu huitumia alama hiyo kufungia maneno, na jina kama ngozi-ya-ng'ombe.jpg linaweza kuikata amri katikati. Katika jina la faili fundi huandika ngombe bila alama; katika maandishi ya ukurasa huandika ng'ombe ipasavyo. Tahajia ya faili ni ya mashine, tahajia ya ukurasa ni ya watu.

Halafu kuna suala la herufi kubwa na ndogo, ambalo limewakosesha wengi usingizi. Windows na Mac kwa kawaida hazijali, kwao Kikapu.JPG na kikapu.jpg ni faili moja. Seva nyingi za tovuti hutumia Linux, na kwa Linux hayo ni mafaili mawili tofauti. Matokeo yake ni kosa baya kuliko mengine, kwa sababu halionekani nyumbani. Tovuti inakuwa nzuri kwenye kompyuta ya kijana, mwenyekiti anaitazama na kupiga vigelegele, inapakiwa jioni, na asubuhi nusu ya picha hazipo. Hakuna kilichoharibika, ukurasa unaomba kikapu.jpg, na seva inayo Kikapu.JPG. Dawa yake ni mazoea ya siku zote: herufi ndogo tupu, hata kwenye .jpg ya mwisho.

Jambo la njia za mafaili lina uzuri wa pekee. Mwanagenzi akiulizwa picha iko wapi, mara nyingi huzipa kurasa zake anwani inayoanza na file:///C:/Users/, ikifuatiwa na jina lake mwenyewe. Kwake picha inaonekana, maana kweli ipo hapo. Kwa dunia nzima haipo. Fundi huandika picha/kikapu-ukili-mkubwa.jpg, yaani kuanzia ukurasa huu ulipo, ingia kwenye folda ya picha. Ukurasa ukiwa ndani ya folda nyingine, huanza na nukta mbili na mkwaju, ../picha/, yaani toka nje hatua moja kwanza. Ni kama kumwelekeza mgeni aliye sebuleni: toka, mlango wa pili kushoto. Maelekezo hayo hubaki kuwa kweli hata nyumba nzima ingehamishiwa mji mwingine. Folda ya vikapu ikihama kutoka kompyuta hadi flashi, kutoka flashi hadi seva, kila picha bado iko mahali ilipoagizwa.

Mpangilio mzuri pia una kiasi. Aliyewahi kuumizwa na vurugu hupenda kuvuka upande wa pili: folda ndani ya folda ndani ya folda, kila moja na faili moja peke yake. Tovuti ya kurasa tano haihitaji hayo. Kurasa tano zinaweza kukaa pamoja karibu na index.html bila kumkanyaga mtu. Folda mpya inastahili pale vitu vya aina moja vinapokuwa vingi mpaka vinazuia jicho kuona vingine. Fundi mzuri huiacha kazi ikue, kisha huigawa. Hajengi ghala la mzigo ambao haujafika.

Lakini kuna kitu kimoja hawezi kukiacha kwa baadaye, nacho ni majina ya kurasa. Ukurasa ukishatoka hadharani, watu huunakili kwenye ujumbe, huuhifadhi, huuunganisha na kurasa zao. Ukiubadilisha jina, viungo vyote hivyo vinakufa, na wewe huna orodha yake. Berners-Lee aliandika juu ya hili mwaka 1998, akishauri kwamba anwani nzuri haibadiliki, na akataja mambo ya kuachwa nje ya anwani. Mojawapo ni hali ya kazi: rasimu, mpya, ya zamani. Sababu iko wazi. Kilicho kipya leo hakitakuwa kipya mwakani, lakini jina litaendelea kudai hivyo. Nakala za zamani zina njia yake nyingine: folda ya akiba nje ya tovuti, yenye tarehe inayoanza na mwaka, kama 2024-03-09, ili zijipange zenyewe kwa mfuatano, au, kwa aliyepiga hatua, programu ya Git iliyoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 2005, ambayo hutunza historia yote huku faili likibaki na jina lake moja.

Ukikusanya yote haya, utaona hakuna hata moja linalohitaji akili ya ajabu au kompyuta ya bei. Yanahitaji mtu anayemfikiria mwingine: atakayeifungua folda baada yake, msomaji atakayeandika anwani kwa kidole kwenye simu ndogo, seva isiyokisia. Mara nyingi huyo mwingine ni yeye mwenyewe mwaka ujao, akiwa amesahau kila kitu.

Kwa hiyo, msomaji unayeanza tovuti yako ya kwanza, rangi zitasubiri. Tengeneza folda moja, ipe jina fupi la herufi ndogo, weka index.html ndani, kisha picha na mitindo mahali pake. Siku utakapodhani umemaliza, nakili folda nzima kwenye flashi, ifungue kwenye kompyuta ya mtu mwingine, na upitie kila ukurasa. Kisha ipakie na uipitie tena kwenye seva. Kila picha ikionekana na kila kiungo kikifunguka, kazi yako imesimama. Kama kuna kilichokosekana, kirekebishe siku hiyohiyo, kabla hujamtumia mtu yeyote anwani.