Jembe Ndani ya Dansi: Uhakiki wa Armenian Dances ya Alfred Reed

Makala haya yanahakiki Armenian Dances, utungo wa Mmarekani Alfred Reed (1921–2005) kwa ajili ya bendi kubwa ya vyombo vya kupuliza na ngoma. Sehemu ya Kwanza ilikamilika mwaka 1972 na ya Pili mwaka 1975. Utungo huo ulitabarukiwa Harry Begian, Mmarekani mwenye asili ya Kiarmenia aliyeongoza bendi za Chuo Kikuu cha Illinois. Hoja kuu ni kwamba Reed amehifadhi lahani kwa uaminifu mkubwa, ilhali anwani aliyoichagua inafifiza muktadha uliozizaa.

Lahani zote nane zinatokana na kazi ya Komitas (1869–1935), kasisi na mtaalamu wa muziki aliyezunguka vijijini akinukuu nyimbo za wakulima. Tarehe 24 Aprili 1915 alikamatwa Constantinople pamoja na wasomi wenzake wa Kiarmenia. Alinusurika, lakini afya yake ya akili iliporomoka na sehemu kubwa ya makusanyo yake ikapotea. Kwa hiyo, namna nyimbo zilizosalia zinavyotajwa na kuelezwa si suala dogo.

Tuanze na anwani. Hoy, Nazan Eem, wimbo wa kijana anayemsifu mpenzi wake, una mahadhi ya kuchezeka, na Khoomar ni wimbo wa shangwe za harusi. Lakini Alagyaz ni wimbo wa taratibu uliopewa jina la mlima, na Lorva Horovel ni wimbo wa kulimia kutoka Lori. Mkulima anayelima kwa plau huwaita na kuwabembeleza ng'ombe wake, na sauti hupanda na kushuka kulingana na kazi. Katika fasihi simulizi ya Kiswahili wimbo wa aina hii ungeainishwa pamoja na wawe, si pamoja na nyimbo za ngoma. Reed anaufikisha kwenye kilele cha kasi na kishindo. Hadhira inashangilia, lakini jembe halionekani tena.

Tatizo la pili ni umiliki. Gakavi Yerk, yaani Wimbo wa Kwale, ni utungo wa Komitas mwenyewe. Unapoitwa wimbo wa jadi pamoja na mingineyo, mtunzi anageuzwa kuwa mkusanyaji tu.

Hata hivyo, haitakuwa haki kumshutumu Reed kwa kupotosha. Katika Sehemu ya Kwanza anaunganisha nyimbo tano bila kituo, kuanzia Tzirani Tzar hadi Gna, Gna, na kila moja inabaki na sura yake. Alagyaz, hasa, inaachwa ipumue bila mapambo mengi. Aidha, kupitia utungo huu wanafunzi wengi wa bendi wamezipiga lahani ambazo pengine wasingezisikia kamwe.

Kwa muhtasari, udhaifu uliobainishwa unahusu zaidi anwani na maelezo kuliko nota zenyewe, na kwa hiyo unarekebishika. Inapendekezwa kwamba kila bendi inayoupiga utungo huu itaje katika maelezo ya onyesho jina la Komitas, itenganishe alichokitunga na alichokikusanya, na ieleze kazi ya kila wimbo katika jamii yake.