Hakimiliki au Haki ya Mtunzi? Uhakiki wa Istilahi Moja ya Sheria

Istilahi ya hakimiliki imekwisha kuota mizizi katika Kiswahili sanifu. Tanzania iliitia katika jina la Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na Kenya inayo Bodi ya Hakimiliki. Hata hivyo, istilahi haipimwi kwa umri wake tu, bali pia kwa kazi inayoifanya kila inapopelekwa. Mahali pamoja pa kuipimia ni Uvira na mwambao wa kaskazini wa Ziwa Tanganyika, ambako Kiswahili cha watu hukutana na sheria iliyoandikwa kwa Kifaransa.

Katiba ya Kongo ya mwaka 2006 inakitambua Kiswahili kuwa mojawapo ya lugha nne za taifa, lakini lugha rasmi ni Kifaransa. Amri-sheria namba 86-033 ya tarehe 5 Aprili 1986, inayolinda kazi za waandishi na wasanii, imo katika lugha hiyo. Kijana wa Uvira anayetaka kuiandikia kampuni programu ya kompyuta huletewa mkataba wa Kifaransa, kisha hufafanuliwa kwa Kiswahili. Ni katika ufafanuzi huo ndipo istilahi inapoweza kumfaa mtu au kumponza.

Kifaransa husema droit d'auteur, yaani haki ya mtunzi, humtaja mtu. Hakimiliki hutaja kitendo cha kumiliki na kumwacha mtu nje. Tofauti hiyo si ya maneno matupu. Mkondo wa sheria ambao Kongo iliurithi kutoka Ubelgiji huigawa haki hii mafungu mawili. Fungu la kwanza ni la mapato, nalo laweza kuuzwa. La pili linahusu jina la mtunzi kutajwa na kazi yake kutoharibiwa. Hili kwa asili yake halina bei. Kijana akiambiwa kwamba ameuza hakimiliki, ataelewa kuwa hakubakiwa na chochote, na huenda akanyamaza jina lake linapofutwa.

Tafsiri ya fungu la pili kuwa "haki za kimaadili" haisaidii. Maadili katika Kiswahili ni mwenendo mwema. Msikilizaji atadhani anaonywa kuhusu tabia yake. "Haki ya heshima" ingeeleweka zaidi.

Yawezekana kupingwa kwamba mtunzi ni mtu wa mashairi na nyimbo, wala si wa kompyuta. Pingamizi hili halina nguvu. Kwanza, kifungu cha 10 cha Mkataba wa TRIPS wa mwaka 1994 kinaagiza programu ilindwe kama kazi ya fasihi. Na Kongo ni mwanachama wa Shirika la Biashara Duniani tangu 1997, ingawa nchi zilizo nyuma zaidi kimaendeleo zimeongezewa muda wa utekelezaji hadi 2034. Pili, kitenzi kutunga ni kipana: watu hutunga shanga, hutunga samaki katika ugwe, hutunga sheria. Kote humo mna kupanga kimoja baada ya kingine hata vishikamane, nayo ndiyo kazi ya mwandishi wa programu.

Pingamizi zito zaidi ni la umoja wa istilahi. Si busara Uvira iwe na neno lake na Kigoma, ng'ambo ya ziwa hilohilo, iwe na lake. Lakini hakuna haja ya kuliua neno hakimiliki. Libaki kuwa jina la fungu linalouzika, na haki ya mtunzi iwe jina la haki nzima. Wala lisitandazwe juu ya kila kitu: hataza ni ya uvumbuzi, na jina kama M-Pesa, lijulikanalo Kenya na Kongo pia, hulindwa kama alama ya biashara.

Istilahi isiyomtaja mwenye kazi humrahisishia njia yule anayetaka kumsahau.