Nukta, Mkato na Kistari

Kazi inaanza kwa rula. Mwalimu wa kwaya amefungua daftari la hesabu, lile la miraba ambalo watoto hununuliwa kila mwanzo wa muhula, na anahesabu miraba kwa ncha ya penseli: miwili kwa kila pigo, minane kwa kila baa. Kila anapofika nane anavuta mstari wa wima. Katikati ya baa anavuta mwingine mwembamba zaidi. Kwenda chini anatenga safu nne, moja kwa kila sauti, na ya tano ya maneno, halafu anaruka safu moja na kuanza upya. Ukurasa mzima unajaa vyumba vitupu kabla herufi hata moja haijaandikwa.

Kushoto kwake kuna kitabu cha nota ambacho mgongo wake umeshonwa kwa uzi. Kimefunguliwa kwenye kwaya ya Haleluya, kutoka Messiah ya George Frideric Handel. Handel aliandika Messiah nzima jijini London kwa siku 24, tangu tarehe 22 Agosti hadi 14 Septemba 1741, na ikaimbwa hadharani kwa mara ya kwanza Dublin tarehe 13 Aprili 1742. Aliiandikia waimbaji pamoja na fidla, tarumbeta na ngoma za okestra. Hapa Moi's Bridge hakuna tarumbeta wala okestra. Kuna kinanda kimoja cha umeme, na umeme wenyewe una siku zake.

Moi's Bridge ni mji wa mahindi. Ukitoka Eldoret kuelekea Kitale, ukishapita Soy, unafika hapa karibu na mto Nzoia, mahali palipoitwa Hoey's Bridge enzi za walowezi. Maghala ya Bodi ya Nafaka na Mazao yanaonekana kutoka mbali, na msimu wa mavuno malori hupanga foleni yakisubiri kupimwa. Mazoezi ya kwaya hufuata kalenda hiyo hiyo. Watu wanakuja wakitoka kupukuchua mahindi, wengine wakitoka dukani, mmoja bado amevaa koti la boda boda. Wanaoweza kusoma nota za mistari mitano hawazidi vidole vya mkono mmoja. Lakini karibu wote wanasoma solfa: do, re, mi, zikiandikwa kwa herufi d, r, m, f, s, l, t. Ndiyo maana mwalimu ameketi na daftari la hesabu.

Solfa ya namna hii ilienezwa na John Curwen, mchungaji wa Uingereza aliyeishi kati ya 1816 na 1880, akijenga juu ya mbinu ya mwalimu wa Norwich, Sarah Glover. Wamisionari wakaitawanya Afrika, na sababu ya kushika kwake mizizi haihitaji mganga: inaandikika kwa chaki ubaoni, kwa taipureta ya ofisi, hata kwa kijiti kwenye vumbi. Mashindano ya kitaifa ya muziki, yaliyoanza 1927 na ambayo shule zetu hushiriki, yameilea kizazi baada ya kizazi. Kwa njia hiyo Handel alifika vijiji ambavyo okestra haitafika.

Mwalimu anatafuta do kwanza. Kitabu kinaonyesha alama mbili za kupandisha mwanzoni mwa mstari, kwa hiyo do ni D. Anaandika juu ya ukurasa: Do ni D, mapigo manne. Kisha anahesabu baa za ala kabla ya waimbaji kuingia. Ni tatu. Anaziacha wazi na kuandika katikati yake neno moja, kinanda. Sasa ndipo anapogeukia sauti ya kwanza.

Baa ya nne nimeiangalia ikijazwa kwa karibu, na inastahili kusimuliwa polepole. Silabi ya kwanza, ha, ni do ya juu inayodumu pigo moja na nusu. Anaandika d na kuitia kijistari kidogo begani, alama ya kwamba ni ya oktavu ya juu. Anaweka nukta mbili, moja juu ya nyingine, ambazo hutenga pigo la kwanza na la pili. Baada yake anaweka kistari, maana yake sauti iendelee, kisha nukta moja inayolikata pigo hilo katikati, kisha s: hiyo ndiyo le. Anafika kwenye ule mstari mwembamba wa katikati ya baa. Pigo la tatu linabeba silabi mbili, l na s, na nukta kati yake: lu, ya. Nukta mbili tena. Pigo la nne ni kimya, na kimya katika solfa hakina alama. Ni chumba kitupu. Mwalimu anakiacha kitupu, lakini anakigusa kwa ncha ya penseli kana kwamba ameandika kitu, halafu ndipo anapoingia baa inayofuata.

Herufi zile nne, d, s, l, s, mtoto wa darasa la nne angeziandika. Kazi yote iko kwenye nukta. Ukisahau kistari, sauti inakatika nusu pigo kabla ya wakati wake. Ukiweka nukta upande usio wake, sauti ya pili itaingia kabla ya wenzake na mazoezi yote yatakwenda kumsaka aliyekosea, kumbe aliyekosea ni karatasi. Mwalimu anajua hilo, kwa hiyo kila akimaliza baa anaweka penseli chini na kuipigia meza kwa kidole, mapigo manne, midomo ikitaja herufi bila sauti. Ikitoshea anaendelea. Isipotoshea anafuta, na anafuta baa nzima, hata kama kosa ni nukta moja, kwa sababu nukta iliyobandikwa baadaye hukaa imebanwa na macho ya mwimbaji huiruka.

Baa mbili mbele zinaanza zile Haleluya fupi zinazofukuzana. Hapo silabi mbili za kwanza zinapewa robo ya pigo kila moja, na miraba miwili kwa pigo haitoshi tena. Anaongeza mkato mdogo, alama ya robo, na anabana herufi mpaka ziwe ndogo kama za hirizi. Angeweza kupanua vyumba hapo. Hapanui. Pigo moja likiwa pana na jingine jembamba, jicho linadanganyika na mguu unaopiga mwendo unadanganyika nalo. Upana wa pigo ni uleule kutoka baa ya kwanza hadi ya mwisho, ya 94.

Kuna mahali sauti zote nne zinaimba wimbo mmoja, za wanaume oktavu moja chini ya za wanawake. Ningedhani angeandika mara moja na kuweka mabano. Anaandika mara nne, safu moja baada ya nyingine. Mwimbaji wa besi, anasema, akiambiwa atazame safu ya wengine, akirudi kwenye yake atakuwa amepotea. Na wimbo unapotembelea ngazi nyingine, ile fa inapopandishwa nusu toni, anaandika fe kwa mkono wa pole zaidi, maana wengi wataisoma kama f ya kawaida wasipoonyeshwa.

Sehemu inayokula usiku ni ile ya kufuatana. Besi wanaanza peke yao, kisha wanaingia sauti ya tatu, kisha ya pili, kisha ya kwanza, kila moja ikibeba wazo lilelile huku waliotangulia wakiendelea na lao. Kwenye ukurasa safu ya chini inajaa wakati tatu za juu ni tupu, halafu mbili, halafu moja. Hapa rula inasimamishwa wima. Mwalimu anaiweka juu ya pigo moja na kuangalia kutoka juu hadi chini: je, herufi nne zilizoko chini ya ukingo wa rula zinapatana? Anaziimba moja moja kwa sauti ya puani. Anasogeza rula pigo moja. Anaimba tena. Nimemwona akirudi nyuma kurasa mbili kwa sababu m moja ya sauti ya tatu haikumpendeza, na kitabu cha nota kikaonyesha kweli ilikuwa r.

Maneno yanakuja mwisho, na yana ukaidi wao. Haleluya yenyewe inakaa bila shida, silabi nne kwa noti nne. Lakini panapoimbwa cheo cha Mfalme, Kiingereza kina silabi tatu tu na Kiswahili chetu kinadai mara mbili yake au zaidi. Noti haiwezi kubadilishwa, hiyo ni mali ya Handel. Kinachoweza kufanyika ni kuigawa: sauti iliyokuwa imeshikwa kwa mapigo mawili inakatwa vipande kwenye herufi ileile, na mwalimu anachagua kipande kipi kiangukie pigo zito ili neno lisisikike limekanyagwa. Anajaribu mpangilio mmoja kwa kuusema kama mtu anayezungumza, bila kuuimba. Ukisikika kama Kiswahili cha nyumbani, anauandika.

Daftari likiisha, nakala safi inahamishiwa kwenye manila kwa kalamu ya wino mzito, herufi za kimo cha kidole, ili safu ya nyuma kanisani ione. Manila zinabandikwa ukutani kwa gundi ya karatasi. Mwalimu anashika fimbo nyembamba, anapiga uma wa chuma wa kupimia sauti kwenye goti na kuupeleka sikioni, anatoa do kwa kuivumisha. Hakuna maneno bado. Besi wanaimba herufi tu, wakipiga mwendo kwa mguu, baa nne, kisha nane. Wenzao wananyamaza na kusikiliza. "Baba, hapo kistari, usiache," anamwambia mzee mmoja ambaye anamzidi umri, kwa upole wa mtu anayeomba chumvi. Wanarudia. Hapandi kwenye sauti ya tatu mpaka besi waweze kushika yao huku yeye akiimba nyingine masikioni mwao.

Ikifika zamu ya wanawake wa sauti ya kwanza, wimbo unawapandisha ngazi kwa ngazi, kila ngazi ikishikwa muda mrefu, hadi fa ya juu. Saa tatu ya usiku, baada ya siku ya shamba, fa hiyo ni mlima. Mwalimu anawatazama shingo. Akiona mishipa imesimama anapiga uma tena na kutoa do iliyo nusu toni chini. Hakuna kinachobadilika ukutani, maana solfa haijali do imekaa wapi. Handel alichagua D kwa ajili ya tarumbeta za wakati wake, ambazo hazikuwa na vali na zilifungwa kwenye ngazi moja. Pasipo tarumbeta, kifungo hicho hakipo. Tena uma unaohusishwa na Handel mwenyewe, wa mwaka 1751, hutoa A ya mitetemo 422.5 kwa sekunde, wakati uma wa siku hizi hutoa 440. Kwa hiyo mwalimu akishusha do ili kuokoa makoo, anakaribia sauti ambayo Handel aliizoea kuliko okestra nyingi za leo.

Karibu na mwisho kuna baa ambayo mwalimu ameipamba kwa penseli nyekundu, duara kuzunguka chumba kitupu. Haleluya zimekuwa zikirundikana, sauti zote nne juu, mwendo wa kasi, na ghafla kila kitu kinakatika. Kimya. Kisha Haleluya ya mwisho, polepole, nzito. Kwaya yoyote inaweza kupaza ile iliyotangulia. Kilicho kigumu ni kunyamaza kwa pamoja, watu 30 wakiwa na pumzi kifuani. Jioni nzima ilitumiwa na chumba hicho kimoja. Kijana mmoja wa sauti ya tatu alikuwa akidondokea ndani yake kila mara. Mwalimu hakumkemea. Alimpa fimbo, akamwambia aongoze yeye. Aliyekuwa akianguka ndiye sasa aliyelazimika kuwazuia wengine, na tangu hapo hakuanguka tena.

Kabla karatasi haijakwenda kwenye duka la fotokopi kuna jaribio moja. Kwaya za jirani huomba nakala, nakala huzaa nakala, na kosa likishachapwa hapa litaimbwa Matunda na Soy kwa miaka, likitetewa kama mapokeo. Kwa hiyo mwalimu humtafuta mtu ambaye hakuwahi kuhudhuria mazoezi hayo, mara nyingi mgeni aliyekuja kusalimia ndugu, anayejua solfa na asiyejua safu atakayopewa. Anampa besi, kwa kuwa kila mtu ana sauti ya kwanza kichwani na hawezi kuisoma bila kukisia. Mgeni anaimba herufi kutoka baa ya nne. Mwalimu haongozi, hasaidii, anafuata kwa penseli. Mgeni akisita mahali, mwalimu anaweka alama ndogo pembeni hata kama herufi ni sahihi. Kusita kunamwambia kwamba nukta haionekani vizuri, na mahali hapo patachorwa upya usiku huo huo, baa nzima, kwa rula.