Sifa ya Kofia na Dola

Katika Rusumo, pale Mto Kagera unapojitupa miambani baina ya wilaya ya Ngara na nchi ya Rwanda, macho ya wapitao huvutwa na maporomoko, na daraja jipya lililozinduliwa rasmi mwaka 2016, na misururu ya malori yaliyotoka Dar es Salaam yakapita Lusahunga na Benaco, na maofisa wa forodha wa nchi mbili waketio chini ya paa moja wakikagua hati. Lakini ni nadra mtu kukumbuka kwamba hapo hapo huvuka shehena nyingine, isiyo na uzito wala turubai, isafiriyo ndani ya nyuzi za Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano baina ya jirani asiye na pwani na nyaya za baharini zilizoanza kutua Dar es Salaam mwaka 2009. Shehena hiyo nayo ina hati zake, na hati zake zina wakaguzi. Na ustadi wa wakaguzi hao, unaofifia huku tukiutazama, ndio ninaotaka kuusifu ungali na watu wa kuuhifadhi.

Hati yenyewe ni orodha ya nambari. Kila mtandao unaojitegemea una nambari yake, na kila tangazo la njia linapopelekwa mbele, mtandao uliolipeleka hutia nambari yake mwanzoni, hata orodha ikawa nasaba ya safari nzima: wa kushoto ni jirani aliyekuletea habari, na wa kulia kabisa ndiye mwenye mali. Kaida hiyo, iitwayo BGP, Kirk Lougheed na Yakov Rekhter waliichora mwaka 1989 juu ya karatasi za kupangusia mikono wakati wa chakula, nao waliijenga juu ya uaminifu mtupu, kwani jirani akisema anaijua njia, husadikiwa. Kilichokuja kuutia uaminifu huo adabu ni rejeksi, yaani zile alama chache za kueleza sura ya maandishi, ambazo asili yake ni hisabati ya Stephen Kleene ya mwaka 1951, na ambazo Ken Thompson alionyesha mwaka 1968 namna ya kuzitumia kutafutia maneno katika kompyuta.

Nimepata kumtazama kazini fundi mmoja wa makamo, mtu wa huko Ngara, ambaye vichujio vya njia, ambamo rejeksi hizo huandikwa, vilikuwa dhamana yake, na sijasahau taadhima aliyokuwa nayo kwa rejeksi moja fupi mno: ^$. Kofia ni mwanzo, dola ni mwisho, na kati yake hamna kitu. Maana yake ni njia ambayo haijapita mkononi mwa mtu yeyote, njia iliyozaliwa nyumbani. Mtandao usio na wateja wa kuwapitisha, ukimwekea jirani mstari huo mmoja, umekwisha kuahidi kwamba hautanena ila habari zake wenyewe, wala hautajifanya mlango wa nyumba zisizo zake. Sijui maandishi mengine ya alama mbili yabebayo ahadi nzito kiasi hicho, na yule fundi aliyaandika polepole, akayasoma kwa sauti, ndipo akabonyeza kitufe.

Siku hiyo alikuwa akimfundisha kijana, naye alitumia 64500, nambari iliyotengwa kwa mifano ya maandishi, kuwa ndiyo ya mteja. Kijana akaandika ^64500$, akaona amemaliza.

“Mwanangu, na akijitaja mara tatu?”

“Atakataliwa, Mzee.”

“Na siku atakayojitaja mara tatu ni siku gani?”

Kijana akanyamaza, kisha akajibu kuwa ni siku mteja atakapotaka njia ya huku ionekane ndefu ili watu wapitie kwingine, ilhali huku pabaki kuwa akiba yake. Naam, kichujio kile kingemfungia mlango wa akiba siku ile ile anapoutegemea. Akafuta, akaandika ^64500(_64500)*$, na Mzee hakumruhusu kuiweka kazini mpaka aijaribu kwanza juu ya jedwali la njia zote za dunia, aone inanasa nini na inaacha nini. Hadhari hiyo si ya bure. Aandikaye 37100, nambari ya kampuni ya SEACOM, bila mipaka, amekwisha kuinasa na 137100, iliyomo katika fungu la Asia na Pasifiki. Mstari mmoja wa chini kila upande, _37100_, ndio unaozitenga, na jicho lisilozoea halioni tofauti.

Kichujio kikikosewa, madhara huvuka mipaka: tarehe 12 Novemba 2018, kwa kosa la namna hiyo, kampuni ya MainOne ya Nigeria ilimtangazia jirani yake China Telecom njia za Google, na jirani huyo akazipokea na kuzieneza, hata kwa muda wa zaidi ya saa moja maombi ya watu yaliyokusudiwa kwenda Google yakazunguka kupitia Uchina. Siku hizi husemwa kwamba saini za RPKI zimetuondolea taabu hii, nami nazipenda saini hizo; lakini kazi yake ni kuthibitisha mwenye mali, na siku ile mwenye mali hakubadilika, maana kulia kabisa mwa orodha palikuwa na Google mwenyewe. Kilichokosekana ni mtu upande wa kupokea aliyeandika kwamba jirani mdogo haleti njia yenye nambari ya jitu kama lile ndani yake, yaani mstari mmoja wa kukataa _15169_, nambari ya Google.

Kazi hii sasa inatupwa. Wataka-haraka huandika .*, nukta na nyota, yaani chochote na kipite, ili laini iwake kabla ya jioni na hesabu ilipwe, wakikusudia kurudi kesho kuisahihisha. Vichujio vya yule Mzee vilikuwa na maelezo juu ya kila mstari: tarehe, sababu, na nani aliomba, na katika ofisi moja niijuayo, ruta ya zamani ilipoondolewa, aliyehamisha mipangilio aliyaacha maelezo yote kwa kuwa mashine haiyahitaji, kisha, asipoelewa ile mistari yenye mabano na nyota ilikuwa ya nini, akaifuta nayo. Hakuna aliyemuuliza, kwa sababu intaneti ilikuwa inafanya kazi.